Siku tatu za mwanzo ndizo huamua safari ya baiskeli hadi ng'ambo ya mpaka

MKAZI wa Likoni anayetaka kwenda nchi ya kigeni kwa baiskeli hahitaji tiketi, wala hahitaji kupanda feri. Barabara inayopita karibu na nyumba yake ndiyo hiyo hiyo inayoteremka kusini hadi Lunga Lunga, ikavuka mpaka na kuingia Horohoro, kisha ikafika mjini Tanga. Masafa yote hayazidi kilomita 180. Basi huyamaliza kwa nusu siku, pamoja na foleni ya uhamiaji. Mtu mmoja aliye juu ya baiskeli yenye mzigo huyahitaji siku tatu.

Siku hizo tatu ni sehemu ndogo sana ya safari ya mtu anayekusudia kufika Dar es Salaam, Lilongwe au Cape Town. Hata hivyo, ndizo zinazoamua iwapo atafika. Goti linaloanza kuuma siku ya pili, chumvi inayopungua mwilini adhuhuri ya siku ya kwanza, njiti za gurudumu zinazokatika kwa sababu ya mzigo uliofungwa vibaya, na hati inayokosekana mpakani ni mambo ambayo hayangoji mtu afike mbali. Hutokea wakati ari ya msafiri ni nyingi na uzoefu wake ni haba. Tena akiwa peke yake, hana mwenzake wa kumwambia apunguze mwendo.

Bara tatu, njia tatu

Mombasa ni kisiwa, na anayeishi nje ya kisiwa hicho huishi katika mojawapo ya pande tatu za bara, kila upande ukiwa na barabara yake ya kutokea.

Kisauni hutazama kaskazini: Mtwapa, Kilifi, Malindi, kisha Garsen na Lamu. Hadi Malindi njia ni tambarare na ya kupendeza, lakini kwa msafiri wa kimataifa haina mlango mwishoni. Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia mwaka wa 2011, na barabara ya Lamu imeshambuliwa mara kadhaa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Kwa hivyo anayeishi Kisauni na kutaka kwenda nje hulazimika kuipa kaskazini kisogo, avuke daraja la Nyali, apite kisiwani na kushuka kwenye kivuko cha Likoni, akiisukuma baiskeli yake kati ya umati wa watembea kwa miguu.

Changamwe hutazama magharibi. Barabara kuu ya Nairobi hupanda taratibu kupitia Mazeras na Mariakani, ikaikata nyika kavu ya Taru hadi Voi, ambako njia nyingine hugeuka kwenda Taveta na mpaka wa Holili. Humo mna malori ya makasha yatokayo bandarini usiku na mchana, na kuna vipande virefu visivyo na kijiji wala kibanda cha kuuza maji. Tembo wa Tsavo nao huvuka wanapotaka. Hiyo ni njia ya mtu aliyekwisha kuizoea safari, si mahali pa kujifunzia.

Imebaki Likoni. Upande huu hauna mlima wa kuogopwa. Vijiji vimepangana kama shanga, Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni, Ramisi, na karibu katika kila kimoja kuna fundi wa baiskeli chini ya mwembe. Kiswahili hakikatiki kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliyeko Changamwe naye sasa anaweza kufika upande huo bila kugusa kisiwa, kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 2018, imeunganisha Miritini na Kibundani.

Wepesi huo ndio mtego wenyewe. Kwa kuwa njia ni tambarare na Lunga Lunga iko umbali wa kama kilomita 100 tu, msafiri mgeni hujiambia kwamba atalala mpakani siku hiyo hiyo. Wapo wanaofaulu. Asubuhi inayofuata hawawezi kuketi kwenye tandiko. Mgawanyo wenye busara ni kulala Msambweni, kama kilomita 50 kutoka Likoni, siku ya pili kulala Lunga Lunga au Horohoro, na siku ya tatu kuingia Tanga.

Kaskazi na kusi

Wazee wa pwani hawakusafiri bila kuuliza upepo, na mpanda baiskeli hana sababu ya kuwa tofauti nao. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi, upepo unaovuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, yakarudi kwa kusi, unaoshika kuanzia Aprili na kuendelea hadi karibu Septemba. Barabara ya Likoni kwenda Tanga huelekea kusini-magharibi, ikiandama pwani. Maana yake ni kwamba wakati wa kaskazi msafiri husukumwa mgongoni, na wakati wa kusi hupigwa usoni au ubavuni.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye njia tambarare, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji hutumika kuipasua hewa, na ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: hewa ikimjia mtu kwa kasi maradufu, humrudisha nyuma kwa nguvu mara nne. Mtu anayekwenda kilomita 18 kwa saa siku ya shwari huikuta hewa kwa kasi hiyo ya kilomita 18. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukimjia usoni, hewa humkabili kwa kilomita 33, na ukinzani huwa zaidi ya mara tatu ya ule wa awali. Upepo huo huo ukiwa mgongoni, hewa humgusa kwa kilomita tatu tu, sawasawa na kusema haipo. Miguu ni ile ile na baiskeli ni ile ile, lakini mmoja atafika Msambweni kabla ya adhuhuri na mwingine atakuwa bado anahangaika karibu na Ukunda.

Lakini kaskazi ina gharama yake. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo yenye joto kali zaidi Mombasa. Kusi huja na hali ya hewa nzuri zaidi kwa mwili, hasa Julai na Agosti, ila mtu huilipia kwa miguu. Masika, Aprili na Mei, hayapendekezwi kwa vyovyote: mvua ya pwani huficha mashimo ya barabara chini ya maji, na madereva hawaoni mbali. Anayeweza kuchagua huondoka Desemba au mapema Januari. Anayelazimika kuondoka wakati wa kusi huanza alfajiri, kwa sababu upepo wa baharini huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda.

Jasho lisilokauka

Mwili unaofanya kazi hupozwa na jasho linalokauka, si linalotiririka. Nyika ya Taru ina joto lakini hewa yake ni kavu, na jasho hukauka kabla mtu hajaliona. Pwani hewa imejaa unyevu. Jasho hutoka kwa wingi, likadondoka chini bila kuchukua joto lolote, na mwili hujibu kwa kutoa jasho zaidi. Mwendeshaji aliyebeba mzigo anaweza kupoteza lita moja kwa saa, na wengine huzidi hapo.

Mkazi wa Likoni hudhani kwamba hili halimhusu kwa kuwa amezaliwa katika joto hilo. Ni kweli kwa nusu tu. Kuzoea kukaa katika joto si sawa na kuzoea kufanya kazi nzito katika joto kwa saa tano mfululizo. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili ili ujifunze kutoa jasho mapema na kupunguza chumvi inayotoka nalo. Siku tatu za kwanza ziko nje ya muda huo, na ndiyo sababu mtu anayejihisi hodari anashauriwa aende nusu ya uwezo wake.

Kosa la kawaida ni kunywa maji matupu kwa wingi. Chumvi iliyotoka na jasho hairudi, na ile iliyobaki katika damu huzimuliwa na maji mapya. Kichwa huanza kuuma, kichefuchefu hufuata, kisha mtu huchanganyikiwa. Kwa kuwa dalili hizo zinafanana sana na za kiu, mgonjwa huongeza maji, naye huzidi kuumia. Aliye peke yake barabarani anaweza kufika hatua ya kuchanganyikiwa bila ya mtu yeyote kutambua.

Madafu, ambayo huuzwa kila kituo kuanzia Likoni hadi Msambweni, ni kinywaji kizuri na ni safi kuliko maji mengi ya mitungi. Yana potasiamu nyingi. Chumvi ya kawaida, ambayo ndiyo hasa inayotoka na jasho, yanayo kidogo tu. Dawa ni ile ambayo mama wa watoto wadogo huijua: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa. Chupa moja ya mchanganyiko huo kwa kila chupa ya maji matupu inatosha. Viazi karai vyenye chumvi, samaki wa kukaanga na karanga hukamilisha kazi. Rangi ya mkojo ndiyo kipimo kisichohitaji daktari: ukiwa wa njano iliyoiva, mtu yuko nyuma ya mahitaji yake.

Maji ya kuoshea uso na kivuli cha kupumzikia hupatikana misikitini, nayo ni mingi kandoni mwa njia hii. Kwa Mwislamu anayesafiri katika mwezi wa Ramadhani, sheria imempa ruhusa ya kufuturu na kulipa siku hizo baadaye. Wako vijana wanaoiona ruhusa hiyo kama ya wazee na wagonjwa, lakini haikuwekwa kwa ajili ya hao peke yao.

Jambo jingine la kukumbuka ni homa. Dalili za malaria hazianzi mara tu baada ya kuumwa na mbu. Huchukua angalau siku saba. Homa inayomshika msafiri siku ya pili, basi, hakuipata Lunga Lunga. Alitoka nayo nyumbani, na afadhali arudi akapimwe kuliko kuivukisha mpaka.

Goti, njiti na keria

Baiskeli inayofaa si lazima iwe ya bei kubwa. Black Mamba, ile nyeusi ya chuma yenye keria nene nyuma, ni nzito na mara nyingi haina gia, lakini njia ya Tanga haina mlima unaodai gia nyingi. Faida yake kubwa ni vipuri. Tairi za inchi 28 za aina yake, pamoja na zile za inchi 26, hupatikana sokoni karibu kote Afrika Mashariki. Baiskeli za mbio zilizotumika Ulaya na kuletwa kama mitumba huenda kasi kweli, ila tairi yake ikipasuka Ramisi, mwenyewe atapanda matatu kurudi Mombasa kuitafuta.

Kabla ya mzigo, tandiko. Msafiri akiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu wake unapaswa kunyooka. Tandiko likiwa chini ya hapo, goti hukunjwa kupita kiasi kila pedali inapozunguka, na katika siku moja ya kilomita 50 pedali huzunguka maelfu ya mara. Mapafu na misuli hujirekebisha haraka, na ndiyo maana mtu hujihisi ana nguvu zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza. Kano zinazoshikanisha misuli na mifupa huchukua wiki nyingi. Pengo hilo kati ya misuli iliyo tayari na kano isiyo tayari ndilo linalozalisha maumivu ya goti, na dawa yake ni kupumzika tu, jambo ambalo mtu aliyewaaga majirani kwa shangwe hulionea haya.

Mzigo nao una kanuni zake. Gurudumu la nyuma tayari hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji. Akifunga mfuko wa kilo 20 juu ya keria, uzito wote mpya hukaa hapo hapo, na njiti za nyuma huanza kukatika, moja leo na mbili kesho. Mzigo ugawanywe, mwingine uje mbele, na ule mzito ukae chini karibu na ekseli. Gurudumu jipya pia hulegea njiti zake katika siku za kwanza, kwa hiyo lina haki ya kukaguliwa na fundi Msambweni hata kama halilalamiki. Vifaa visivyoachwa ni pampu, viraka na solusheni, spana zinazotoshea nati zote, njiti chache za akiba na mafuta ya mnyororo.

Nguo za tatu na za nne, sufuria ya pili, na vitabu viwili vinene ndivyo vitu ambavyo kwa kawaida hurejeshwa nyumbani kwa matatu kutoka Ukunda. Kuna njia nafuu ya kuyajua hayo mapema: wiki mbili kabla ya kuondoka, mtu apakie mzigo wote, aende hadi Gazi, alale huko, kisha arudi.

Ukingo wa lami

Hatari kubwa kuliko zote katika siku hizo tatu si ya ugonjwa. Barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika miaka ya karibuni, na asiye ndani ya gari ndiye asiye na kinga. Kutoka Likoni hadi Ukunda barabara ina matatu zinazosimama ghafla bila ishara, tuktuk, na bodaboda zinazokuja upande usio wao. Kuanzia Kibundani, malori yaliyopita Dongo Kundu huingia katika njia hiyo hiyo. Baada ya Ukunda magari hupungua, lakini mwendo wao huongezeka.

Mahali pengi ukingo wa lami umemomonyoka ukaacha kama ngazi kati ya lami na udongo. Mwendeshaji anayeshushwa ngazi hiyo na lori hujaribu kupanda tena kwa pembe ndogo, gurudumu la mbele hunaswa, naye huangukia ndani ya barabara badala ya nje. Ni heri asimame, ainyanyue baiskeli na kuipandisha kwa mkono. Kioo kidogo kwenye usukani humwezesha kuona kinachokuja nyuma. Panapokutana magari mawili makubwa mahali yeye alipo, ateremke kabla hawajafika. Heshima ya mtu haipungui kwa kuteremka.

Saa za kusafiri hujipanga zenyewe kutokana na yote hayo: kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kupumzika kuanzia saa tano hadi saa tisa, na kumaliza saa kumi na moja jioni. Karibu na ikweta giza huingia haraka, na hakuna taa ya baiskeli inayotosha katika barabara ya Lunga Lunga usiku. Kenya na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto, hivyo jambo hilo halibadiliki Horohoro. Litabadilika kwa atakayeendelea hadi Rwanda, Burundi au Kongo.

Mstari wa mwaka 1886

Mpaka anaoufikia msafiri siku ya pili ulichorwa na watu ambao hawakuupita kwa miguu. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliutoa mstari kutoka mlangoni mwa Mto Umba, karibu na Vanga, kuelekea bara. Wadigo wakabaki pande zote mbili, wakizungumza lugha moja na kuoana hadi leo. Kwa mpanda baiskeli mpaka huu hauonekani katika mandhari: mnazi wa Kenya na wa Tanzania ni mmoja. Unaonekana mezani tu.

Hapo ndipo wengi huteleza. Tangu mwaka 2014 Wakenya wameweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na kuna wanaodhani utaratibu huo unahusu Jumuiya yote. Tanzania haikujiunga nao. Mkenya anayekwenda Tanga hahitaji viza, lakini anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na huitwa pia aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hivyo aliyekwisha kuchanjwa hana haja ya kurudia. Baiskeli anayoipanda mtu huhesabiwa kuwa kifaa chake binafsi. Hata hivyo, ikiwa ni mpya na inang'aa, risiti ya dukani humwepusha na maswali ya kama anaipeleka kuiuza.

Kuna wakazi wa njia hii ambao kwa miongo mingi hawakuweza hata kufikiria safari kama hiyo. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa enzi za ukoloni, waliishi bila uraia hadi walipofunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi mnamo Oktoba 2016 kuudai, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani walisubiri hadi mwaka 2023. Kijana wa Likoni anayeona pasipoti kuwa usumbufu wa foleni anapita katika vijiji ambako karatasi hiyo ilikuwa ndoto kwa watu waliozaliwa humo.

Safari za baiskeli za kuvuka mpaka, hata hivyo, si jambo la kigeni katika eneo hili. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, ambako vijana waliwabeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, kabla ya pikipiki kulirithi jina hilo. Hawakuandikiwa vitabu. Walioandikiwa, au walioandika wenyewe, ni wageni. Kazimierz Nowak wa Poland aliondoka Tripoli mwaka 1931, akashuka hadi ncha ya kusini ya Afrika na kurejea hadi Algiers mwaka 1936, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Dervla Murphy wa Ireland alitoka Kenya mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 60, akafika Zimbabwe peke yake. Kitabu chake cha mwaka 1993 kina neno la Kiswahili katika jina lake, Ukimwi, kwa kuwa huo ndio uliokuwa msiba aliosimuliwa kila aliposimama.

Suala hilo la kusimuliwa lina uzito kuliko linavyoonekana. Msafiri wa gari hupita. Kundi la wapanda baiskeli huzungumza lenyewe kwa lenyewe. Mmoja aliyechoka, anayeomba maji, huulizwa atokako na aendako, kisha huambiwa mambo ya watu.

Hodi katika nchi ya watu

Jioni ya siku ya pili huleta swali la malazi. Kijijini upande wa Kenya, mgeni asiye na nyumba ya wageni huripoti kwa chifu au mzee wa mtaa. Akivuka, neno chifu halimfai tena. Huko anayetafutwa ni mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, na ofisi yake hujulikana na kila mtoto. Kujitambulisha kabla ya jua kuzama, pasipoti mkononi, ni jambo la adabu na la usalama vilevile. Kijana aliyefunga hema porini karibu na mpaka, bila ya mtu kumjua, hujikuta akijieleza kwa polisi usiku.

Shikamoo, ambayo mjini Mombasa wengi wameiacha, hurudi kuwa ya lazima. Matatu huwa daladala. Lafudhi ya Mkenya hutambulika katika sentensi ya kwanza, na watu wa Tanga, ambao ni wakwe wa Shaaban Robert kwa kila hali, kwa kuwa mwandishi huyo alizaliwa Vibambani mwaka 1909, humsahihisha bila kuombwa. Asikasirike.

Kilomita 65 kutoka Horohoro hadi Tanga ndizo nyepesi zaidi katika safari yote. Zamani kipande hicho kilikuwa cha vumbi na matope, na msafiri wa masika aliweza kukwama humo siku nzima. Kiliwekwa lami chini ya mpango wa msaada wa Marekani, Millennium Challenge, uliotiwa saini mwaka 2008 na kumalizika 2013. Mashamba ya mkonge hutangulia, kisha mapango ya Amboni upande mmoja wa njia, halafu mji.

Siku ya nne inafaa iwe ya kupumzika hapo hapo Tanga. Njiti zikazwe, mnyororo uoshwe, nguo zifuliwe, na goti lisikilizwe. Baada ya hapo njia hugawanyika. Moja hupanda kwenda Muheza na Segera, ikaungana na barabara kuu ya Chalinze na Dar es Salaam, pamoja na malori yake yote. Nyingine huandama pwani kupitia Pangani na hifadhi ya Saadani hadi Bagamoyo. Magari yake ni machache, lakini maduka nayo ni machache, na humo msafiri atahitaji kubeba maji ya siku nzima.